Kwa Nini Wanachelewa? Mwongozo wa Kuchunguza Sababu za Mienendo ya Watu Kuhusu Afya

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoanza kazi, na hata na wauguzi wenye uzoefu wa miaka mingi, ni hili: “Tumetoa elimu mpaka tumechoka, mbona watu hawabadiliki?” Wengine huuliza kuhusu vyoo visivyotumika, wengine kuhusu vyandarua vilivyogeuzwa uzio wa bustani, wengine kuhusu dawa za shinikizo la damu zinazoachwa mara mgonjwa anapopata nafuu. Jibu langu limekuwa lile lile, nalo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu: kabla hujaongeza elimu, chunguza kwanza kama kinachokosekana ni elimu. Mara nyingi sicho.

Ili tusizungumze hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni wajawazito kuchelewa kuanza kliniki. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama ahudhurie angalau mara 8 katika ujauzito wake, na hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake wapatao 98 kati ya 100 walipata huduma ya kliniki kwa mtaalamu angalau mara moja, lakini ni takriban mmoja tu kati ya wanne aliyeanza katika miezi mitatu ya kwanza. Ziweke namba hizo mbili pamoja uzitazame vizuri. Wanawake hawa wanaijua kliniki, wanaiamini kiasi cha kwenda, na wamekwenda. Kilichotokea ni kwamba wamechelewa. Mhudumu anayewakusanya chini ya mwembe kuwaeleza kwamba kliniki ni muhimu anawaeleza jambo wanalolijua, huku lile linalowachelewesha likibaki bila kuguswa.

Njia nitakayoieleza inaitwa uchambuzi wa vikwazo. Ilienezwa na Tom Davis, mtaalamu wa afya ya jamii, kupitia mashirika ya maendeleo ya jamii, na msingi wake ni mwepesi: unawauliza wanaofanya jambo na wasiolifanya maswali yale yale, kisha unatazama majibu yao yanaachana wapi. Huhitaji shahada ili uifanye. Unahitaji uvumilivu na masikio.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa daftari moja la kumbukumbu, nakala za dodoso fupi lisilozidi kurasa mbili, kalamu za kutosha na kikokotoo, hata kile cha kwenye simu. Tafuta wasaili wanne hadi sita, na kwa jambo la uzazi wawe wanawake wasiotoka katika kijiji chenyewe lakini wanaoijua lugha ya nyumbani ya pale. Tenga siku zisizopungua kumi: mbili za mafunzo na kuyajaribu maswali, nne au tano za mahojiano, na zilizobaki za kuhesabu na kurudisha majibu kwa wenyewe.

Usiingie kijijini kimyakimya. Pata barua kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, ipeleke kwa mtendaji wa kijiji, kisha ujitambulishe kwa wenyeviti wa vitongoji na kwa mganga mfawidhi wa zahanati. Kama unakusudia kuyachapisha matokeo kama utafiti, na si kuyatumia kuboresha huduma tu, hapo kwa Tanzania utahitaji kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jambo hilo liulizie mapema, maana kibali hakitolewi kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Andaa pia maneno ya kuomba ridhaa. Yawe mafupi na yaeleweke: wewe ni nani, unauliza nini, itachukua muda gani, jina halitaandikwa, na akikataa hatapoteza huduma yoyote. Mhojiwa lazima aamini kwamba kukataa kunaruhusiwa. Usipomwaminisha hilo, atakujibu anayodhani unataka kuyasikia.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja na uliandike likamilike

Andika nani, afanye nini, wapi, na lini. Kwa mfano wetu: “Mwanamke mjamzito wa kijiji hiki ahudhurie kliniki ya zahanati kwa mara ya kwanza kabla mimba haijatimiza wiki 12.” Sentensi hiyo inapimika. Sentensi kama “wanawake wazingatie afya ya uzazi” haipimiki, kwa kuwa ndani yake mna matendo ishirini, na kila tendo lina sababu zake.

Kosa la kawaida hapa ni kuunganisha matendo mawili, kwa mfano kuanza kliniki mapema na kujifungulia kituoni. Mama anaweza kuwahi kliniki na bado akajifungulia nyumbani kwa sababu uchungu ulimkuta usiku na mto umejaa. Ukiyachanganya, majibu yatagongana nawe utalaumu dodoso bure.

Hatua ya 2: Pita mwenyewe njia anayopita mteja

Hatua hii watu wengi huiruka, na mimi ninaiona kuwa na faida kubwa kuliko zote. Kabla hujamuuliza mtu yeyote kwa nini hafiki, toka kitongoji cha mbali kabisa alfajiri, tembea kwa miguu au panda bodaboda kama wanavyopanda wao, ukae kwenye benchi la zahanati mpaka mtu wa mwisho ahudumiwe. Andika saa ya kutoka, saa ya kufika, nauli, muda wa kusubiri, maneno yanayosemwa dirishani, na kila kitu ambacho mama anaambiwa alete au anunue.

Niliwahi kukaa hivyo katika zahanati moja ambako viongozi walikuwa wameniambia kwamba tatizo la kina mama wao ni uelewa mdogo. Kando ya dirisha la mapokezi palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya kidonda, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: “Mama usije bila mwenza.” Akaja msichana mmoja amejifunga khanga mabegani, akaisoma karatasi ile, midomo ikicheza taratibu kama mtu anayehesabu. Hakugonga dirisha wala hakuuliza. Aligeuka akashika njia aliyojia. Muuguzi hakumwona, daftari halikumwandika, na katika takwimu za mwezi ule aliingia katika kundi la wasiojua umuhimu wa kliniki, ilhali alikuwa amefika mlangoni.

Nia ya karatasi ile ilikuwa njema, kwa kuwa miongozo inahimiza wenza waje pamoja na kupimwa VVU pamoja. Kuhimiza, hata hivyo, hakumfanyi mama aliyekuja peke yake arudishwe. Mume anaweza kuwa mgodini, baharini au mjini akitafuta riziki. Anaweza kuwa ameikana mimba. Anaweza kuwa hataki tu. Mahali pengine mama asiye na mwenza hutakiwa kuleta barua ya kiongozi wa kijiji, naye kiongozi huyo ni mtu ambaye asingependa ajue habari zake. Mambo haya huyapati kwenye dodoso kama hukuyaona kwanza kwa macho, kwa sababu hutajua kuyauliza.

Kumbuka vilevile kwamba huduma za wajawazito katika vituo vya umma zinatakiwa kutolewa bila malipo, lakini “bure” ya kwenye sera na “bure” ya dirishani hutofautiana pale kipimo kinapokuwa kimekwisha na mama akatumwa duka la dawa.

Hatua ya 3: Wagawe watu katika makundi mawili

Unahitaji watu 45 waliowahi na watu 45 waliochelewa. Idadi hiyo hutosha kuonyesha tofauti kubwa, ambazo ndizo unazozitafuta, na si kubwa kiasi cha kuwashinda wasaili wanne. Kwa mfano wetu, chukua wanawake wenye watoto wa chini ya mwaka mmoja, pamoja na wajawazito ambao mimba zao zimepita miezi mitatu. Usiwagawe kwa kuwauliza tu kama waliwahi. Omba kadi ya kliniki, tazama tarehe ya hudhurio la kwanza na tarehe ya hedhi ya mwisho, uhesabu wiki wewe mwenyewe. Watu wengi husema waliwahi kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kwao “mapema” maana yake ni kabla ya tumbo kuwa kubwa.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuwahoji waliochelewa peke yao. Sababu wanayoitaja inaweza kuwa ya kweli na bado isiwe ndiyo inayowachelewesha. Tuseme waliochelewa wote wanalalamikia umbali. Ukienda kwa waliowahi ukakuta nao wanatembea umbali ule ule na wanaulalamikia vivyo hivyo, basi umbali unawachosha wote, lakini hauelezi kwa nini huyu aliwahi na yule akachelewa.

Kosa la pili ni kuchukua majina yote kutoka rejesta ya zahanati. Rejesta haina yule aliyegeuka mlangoni. Nenda nyumba kwa nyumba, uanzie kila kitongoji mahali tofauti, wala usimwachie mwenyekiti akuchagulie kaya. Atakupeleka kwa wanaokutia moyo.

Hatua ya 4: Tunga maswali, na uepuke “kwa nini”

Mwulize mtu “Kwa nini ulichelewa?” naye atasikia “Jitetee.” Ataomba radhi, au atatoa sababu ambayo haina ubishi, kama vile kazi za shamba. Uliza badala yake maswali ambayo yanaweza kujibiwa bila aibu. Kwa waliowahi uliza kama ilivyokuwa. Kwa waliochelewa uliza kama ambavyo ingekuwa:

- Ni kitu gani kilikurahisishia (au kingekurahisishia) kuanza kliniki kabla ya miezi mitatu?
- Ni kitu gani kilifanya (au kingefanya) iwe vigumu?
- Kuna faida gani za kuanza mapema? Na kuna ubaya gani?
- Nani katika watu wako wa karibu angefurahia uende? Nani asingefurahia?
- Ulitambuaje kwamba una mimba, na ilikuwa na muda gani?
- Ni rahisi kiasi gani kupata nauli na vitu unavyotakiwa kuwa navyo?
- Ni rahisi kiasi gani kukumbuka siku ya kliniki?
- Je, kuna mila au desturi inayokataza mimba changa kujulikana?
- Je, unaamini madhara yanayompata mama na mtoto yanazuilika, au yamekwisha kuandikwa?

Swali la ubaya wa kuanza mapema huwashangaza wasaili wapya, wengine wakaona kama linapinga kliniki. Liache libaki. Kila tendo lina gharama zake machoni pa mtendaji, na mtu akiona unakiri kwamba gharama hizo zipo, ndipo anapozitaja. Mama anaweza kukwambia kwamba ukianza mwezi wa pili utaenda mara nyingi na kulipa nauli mara nyingi, ilhali ukianza mwezi wa sita utaenda mara tatu tu. Hiyo ni hesabu iliyopigwa kwa akili timamu na mtu mwenye fedha kidogo, nawe huna budi kuiheshimu kabla ya kuijibu.

Yajaribu maswali kwa watu watano wa kijiji jirani. Neno lisiloeleweka libadilishe. Mahali pengi “ujauzito wa wiki 12” halisemi kitu. “Kabla hujakosa siku zako mara ya tatu” linaeleweka mara moja.

Hatua ya 5: Hoji, kisha nyamaza

Mhojiwa awe peke yake, au na mtoto mchanga tu. Salimia kama inavyopasa: mzee wa nyumba apewe shikamoo yake kwanza, mama mkwe aelezwe ulichofuata, ndipo uombe nafasi ya kuzungumza na binti au mkwe faraghani. Ukimruka mama mkwe, mlango utafungwa, na utakuwa umestahili.

Baada ya kila jibu uliza, “Na kingine?” Uliza tena mpaka aseme hakuna. Jibu la kwanza ni la adabu. La tatu ndilo lenye habari. Nakumbuka dada mmoja aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo tulipokuwa tukizungumza. Nilimuuliza nani angefurahia awahi kliniki, akasema mume wake na mama yake mzazi. Nikamuuliza nani asingefurahia. “Hakuna,” akasema, akaendelea kuchambua. Sikuongeza neno. Alitoa changarawe tatu, akazipanga ukingoni mwa ungo, ndipo akasema, “Labda wifi yangu. Si kwamba angenikataza. Ila akiniona nashika njia ya zahanati Jumanne, atajua. Na akijua yeye, wamejua wote. Mimba yangu ya kwanza ilitoka wiki moja baada ya watu kuanza kuniuliza.”

Mwanamke huyu alikuwa anailinda mimba kwa namna aliyofundishwa, kwa kuificha isifikiwe na husuda. Sisi tuliipanga kliniki siku moja ya wiki, mchana, katika njia inayopita sokoni, kisha tukashangaa kwamba hataki kuipita mapema. Elimu juu ya dawa za kuongeza damu isingemfikia pale aliposimama.

Onyo: usifundishe katikati ya mahojiano. Ukimsahihisha mtu katika swali la pili, maswali yote yanayofuata yatajibiwa kama mtihani. Yaliyokosewa yaandike, uyazungumze mkishamaliza. Isipokuwa hatari: ukimkuta mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa kichwa kikali, aliyevimba uso na mikono, au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni, weka dodoso chini, mpe rufaa na uhakikishe amepata usafiri. Hapo mahojiano yamekwisha.

Hatua ya 6: Hesabu na ulinganishe

Soma majibu yote kwa sauti mbele ya wasaili, myaweke yanayofanana katika fungu moja, na kila fungu mlipe jina kwa maneno ya wahojiwa wenyewe. Kisha hesabu wangapi katika kila kundi walitaja fungu hilo, gawanya kwa 45, zidisha kwa 100.

Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya kufundishia tu. Tuseme waliotaja faida ya kupima na kutibiwa mapema ni 42 kati ya waliowahi (93%) na 40 kati ya waliochelewa (89%). Tofauti ni 4. Waliosema mume alikubali au alitoa nauli ni 33 (73%) kwa 14 (31%). Tofauti ni 42. Waliosema wangeogopa mimba kujulikana ni 6 (13%) kwa 22 (49%). Tofauti ni 36.

Kwa makundi ya watu 45, kanuni inayotumika ni kwamba tofauti ya 15 au zaidi katika asilimia inastahili kushughulikiwa. Katika mfano huu, kuzijua faida hakutenganishi makundi haya mawili. Kibali na nauli ya mume, pamoja na hofu ya kujulikana, vinayatenganisha. Kama bajeti yako yote ilikuwa ya vipeperushi vya faida za kliniki, umeokoa fedha nyingi kwa kazi ya wiki mbili.

Usidanganyike na jibu lililotajwa na wengi. Tazama pengo. Jibu lililotajwa na watu 40 katika kila kundi linaonyesha hali ya kijiji kizima, nalo laweza kuwa tatizo la kushughulikiwa kwa njia nyingine, lakini si kinachowatenganisha.

Hatua ya 7: Ipe kila sababu mahali pake

Nadharia ni nyingi, nitataja moja inayosaidia kupanga. Mwaka 2011 watafiti Susan Michie, Maartje van Stralen na Robert West, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, walipendekeza kwamba mtu hutenda pale vitu vitatu vinapokutana: uwezo, nafasi na msukumo. Uwezo ni kujua na kuweza: je, mama anaweza kutambua mimba ya wiki sita? Nafasi ni mazingira na watu: nauli, siku ya kliniki, karatasi ya dirishani, wifi, mume. Msukumo ni yale yanayomvuta au kumrudisha nyuma moyoni: hofu, matumaini, imani, mazoea.

Panga sababu zako katika safu hizo tatu, kisha mbele ya kila moja andika ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha. Utaona kwamba sababu nyingi za nafasi hazimo mikononi mwa mama hata kidogo. Kumhimiza mama aondoe kikwazo ambacho ufunguo wake anao mganga mfawidhi ni kumwonea.

Hatua ya 8: Warudishie wenyewe majibu

Itisheni kikao kidogo cha kina mama, na kingine cha wanaume, mwasomee mliyoyapata bila kumtambulisha mtu. Waulizeni kama ndivyo, na kama mmeelewa vibaya. Mara nyingi hapo ndipo tafsiri inaponyooka. Wanaume, kwa mfano, watakwambia kwamba hawakatai kutoa nauli, ila husubiri kuambiwa na mke, na mke naye husubiri mimba ijionyeshe ndipo aseme.

Hatua ya 9: Chagua suluhisho linalolingana na sababu, kisha upime

Kama ni hofu ya kujulikana, omba zahanati impokee mama mwenye mimba changa siku yoyote, katika mlango ule ule wa wagonjwa wengine. Kama ni kutotambua mimba, weka kipimo cha mkojo karibu. Kama ni karatasi ya dirishani, iondoeni, na mahali pake pawe na mtu wa kusema “karibu dada, hata kama umekuja peke yako.” Kama ni mume, zungumza na wanaume pale wanapokaa jioni, juu ya nauli na mpango wa safari hasa, badala ya hotuba kuhusu majukumu.

Baada ya miezi sita, rudi kwenye rejesta na utazame jambo moja: wiki za mimba katika hudhurio la kwanza.

Mambo yakikwama

*Siwapati 45 waliowahi.* Hilo hutokea kila mahali ambapo tendo ni adimu. Panua eneo hadi vijiji viwili au vitatu vinavyofanana. Ikishindikana, legeza tendo, kwa mfano kabla ya wiki 16, na uandike wazi kwamba umelegeza. Usijaze pengo kwa watu wasio na kadi.

*Wote wanatoa majibu yale yale mazuri.* Tazama anayehoji. Kama ni muuguzi wa zahanati hiyo hiyo, au amevaa fulana ya mradi, wahojiwa wanamjibu mtu anayewapa huduma. Badilisha wasaili, vua fulana, urudie kwa kaya nyingine.

*Mume au mama mkwe amekaa pembeni na haondoki.* Endelea na maswali mepesi, shukuru, uage. Fomu hiyo usiihesabu. Unaweza kumpa msaili mwingine kazi ya kuzungumza naye uani, lakini usilazimishe, kwa kuwa wewe utaondoka jioni na mama atabaki.

*Wengi wanajibu “ni mapenzi ya Mungu”.* Usiliandike kama kukosa elimu. Linganisha makundi mawili kwanza. Mara nyingi waliowahi nao wanasema hivyo hivyo, na kwao imani hiyo haikuwazuia. Ikionekana tofauti kubwa, wa kuzungumza nalo ni sheikh au mchungaji wa pale, na umwendee kwa kumwomba ushauri.

*Sijaona tofauti ya kufikia 15 popote.* Rudia kuangalia mgawanyo wa makundi kwa kadi, si kwa maneno. Kama mgawanyo ni sahihi, huenda majibu yamewekwa katika mafungu mapana mno. “Matatizo ya nyumbani” yagawe upya katika nauli, ruhusa na kazi.

*Watumishi wa zahanati wameudhika na matokeo.* Wape wao kwanza, kabla ya kikao chochote cha hadhara, na uanze na mzigo wanaoubeba. Muuguzi mkunga mmoja anayehudumia kliniki, chanjo na wodi kwa siku moja ana vikwazo vyake. Nimeona watumishi waliokasirika asubuhi wakiiondoa karatasi ya dirishani wenyewe mchana, baada ya kuulizwa nini kingewarahisishia kuwapokea kina mama mapema.

*Sababu kubwa ni umbali, nami siwezi kujenga zahanati.* Uliza kuhusu huduma ya mkoba, yaani watumishi kuwafuata watu huko waliko. Kama timu ya chanjo tayari inafika kitongojini kila mwezi, omba mkunga aongezwe katika safari hiyo, na vipimo vya hudhurio la kwanza, yaani VVU, kaswende, malaria na wingi wa damu, vibebwe pamoja na sanduku la chanjo.

*Miezi sita imepita na rejesta haijabadilika.* Usirudi moja kwa moja kwenye mikutano ya elimu. Rudia hatua ya 2: toka kitongoji cha mbali alfajiri, ukae tena kwenye benchi mpaka mtu wa mwisho ahudumiwe, utazame ni nani anayegeuka na ameona nini.